Mama, Usikatize Kidonge
Kijitabu cha nyumba za Kamalondo zenye mgonjwa wa kansa ya titi

Kijitabu hiki ni cha nyumba yenye mama au nkambo aliyetibiwa kansa ya titi, na sasa anameza kidonge kimoja kila siku. Kama macho yake yamechoka, mjukuu amsomee kwa sauti.

KIDONGE CHENYEWE

Soma jina kwenye boksi: tamoksifeni, anastrozoli, letrozoli au eksemestani. Kinamezwa miaka 5, na wengine daktari huwaendeleza hadi 10. Ndiyo, hata kama umepona kidonda na una nguvu za kwenda sokoni.

USIKATIZE

Hadithi ni ile ile kila mara. Mama alijisikia mzima, akaacha. Viungo vilimuuma, akaacha, asimwambie mtu. Pesa ya mwezi ilikwisha, akaanza kukata kidonge nusu. Kwenye chumba cha maombi aliambiwa amepona. Aombewe, hatukatazi, lakini amalize kwanza kumeza kidonge chake na maji.

Ukiacha mapema, hatari ya kansa kurudi inapanda. Siku ya kuacha hutasikia kitu, wala mwezi ule, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Kidonge kikikusumbua, sema. Daktari anaweza kukupa kingine. Usikatize mwenyewe.

JOTO LA GHAFLA

Linapanda kifuani hadi usoni, jasho linatoka, hasa usiku. Mwezi wa kumi, umeme ukikatika na feni ikilala, ni mateso. Jifunike kitenge chepesi, weka maji karibu, punguza pilipili na pombe jioni. Usikatize kidonge.

VIUNGO NA MIFUPA

Anastrozoli, letrozoli na eksemestani ndizo zinazoumiza viungo zaidi. Asubuhi vidole havikunjiki, mama anashindwa kushika mwiko wa kusonga bukari. Huu si uchawi, na mke wa mtoto wako hakukufanyia kitu. Tembea kila siku, hata kuzunguka mtaa tu, maungo yanalegea. Kwa maumivu anza na parasetamoli, na usizidishe.

Vidonge vya maungo vinavyouzwa kwa kuhesabu mezani sokoni, acha. Vingine ni deksametazoni: maumivu yanapoa haraka, mama anasifu, kumbe mifupa inaliwa. Vingine vinaumiza tumbo na figo, au vinapandisha presha. Mifupa ya mama anayemeza anastrozoli, letrozoli au eksemestani tayari inapungua kwa sababu ya kidonge chake, usimwongezee.

Ale ndakala wazima pamoja na mifupa yao. Amuulize daktari habari ya kalisiamu na vitamini D. Wakati wa mvua asitoke usiku kwenda choo cha uani bila tochi, wala asivae kandambili zilizoisha soli. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mzee, nyumba nzima inalala hospitali.

DAMU

Mama aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu, hata tone moja, aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Tamoksifeni inaweza kuleta kansa ya mji wa mimba. Si kwa wengi, lakini ikiwahiwa inatibika. Tunajua unaona haya kumwambia kijana wako jambo hili. Mwambie binti, mwambie nesi, lakini usifue nguo kimya kimya.

MGUU NA PUMZI

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, au pumzi ikakatika ghafla na kifua kikachoma: usiku huo huo, hospitali. Huenda damu imeganda. Hapo daktari ndiye atakayesema kama kidonge kiendelee. Ukipanda basi la Kolwezi, shuka kila linaposimama, nyosha miguu, kunywa maji.

UKISAHAU

Cha jana kimepita. Leo meza kimoja, si viwili.

DAWA NYINGINE

Anayemeza tamoksifeni amwonyeshe daktari kila dawa nyingine, hasa dawa za huzuni kama fluoksetini na paroksetini, au ya kulainisha damu kama warfarini. Usimgawie jirani kidonge chako, hata kama naye aliugua titi.

BOKSI LISIISHE

Vikibaki vidonge 10, anza kutafuta pesa ya boksi lingine. Weka alama kila siku kwenye kalenda ya ukutani, hata kama ni ile ya timu ya Mazembe, baba atavumilia. Siku bila alama, nyumba nzima iulize: mama, umemeza?

SIKU YA DAKTARI

Iwe hospitali ya Sendwe, iwe Kliniki za Chuo Kikuu, beba kalenda na maboksi yote, matupu pia, na vile vidonge vya sokoni kama ulivinunua. Hakuna atakayekugombeza.