Maji Kujaa na Maji Kupwa

Mtu wa bara afikapo pwani mara ya kwanza hustaajabu. Alfajiri aona mawimbi yakipiga karibu na minazi. Saa nne arudipo mahali palepale, aona mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, na wanawake wakienda kwa miguu hata mwambani kutafuta pweza. Je, maji yamekwenda wapi?

Maji hayakuisha, wala hayakuzama ardhini. Yamevutwa. Mwezi huivuta dunia, na maji, kwa kuwa ni mepesi kusogea, hujaa upande uuelekeao mwezi. Upande wa pili hujaa vilevile, maana maji ya huko yako mbali na mwezi kuliko nchi yenyewe, nayo huvutwa kwa nguvu pungufu, yakasalia nyuma. Basi dunia izungukapo, pwani yetu hupata maji makuu mara mbili kila siku, na kupwa mara mbili. Na kwa kuwa mwezi nao una mwendo wake, maji huchelewa kila siku kama dakika 50. Yakijaa leo saa mbili asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa tatu kasoro dakika kumi.

Jua pia huvuta, ila nguvu zake ni haba kuliko za mwezi. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja katika mstari mmoja. Hapo huja bamvua, na huko Unguja na Mombasa maji yaweza kupanda na kushuka karibu meta 4. Mwezi uwapo nusu, kila kimoja huvuta kwake, na maji husogea kidogo tu. Wavuvi huyaita maji mafu.

Hivyo bahari ina saa zake, na mvuvi azijua. Lakini je, ikitoka saa isiyo yake?

Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari ilipasuka karibu na kisiwa cha Sumatra, katika nchi ya Indonesia. Nchi ikatetemeka, na maji yaliyosukumwa yakaenda pande zote kwa mbio kama za ndege. Mawimbi ya namna hii huitwa tsunami. Mahali pengi bahari ilitoka kwanza, na watu wakashuka ufuoni kutazama samaki waliobaki mchangani. Mara wimbi likarudi. Walikufa watu zaidi ya 200,000.

Karibu na Sumatra kuna kisiwa kiitwacho Simeulue. Mwaka 1907 wimbi kama hilo liliwaua watu wengi huko. Waliosalimika wakawafundisha watoto wao, nao wajukuu, wakisema: Nchi ikitetemeka kwa nguvu, na bahari ikatoka, kimbilieni mlimani. Wimbi hilo waliliita smong. Mwaka 2004 wenyeji walipoona dalili zile wakapiga kelele, “Smong!” wakaacha vyote wakapanda milimani. Kati ya watu zaidi ya 70,000, walikufa 7 tu.

Mawimbi yale yalifika hata kwetu siku iyo hiyo, baada ya saa zaidi ya 7, yakaua watu wengi Somalia, na wachache Kenya na Tanzania. Tetemeko lilikuwa mbali mno. Mwenye kusimama ufuoni hakuwa na dalili ila bahari yenyewe.

Basi, mwanafunzi, jifunze saa za maji. Asiyezijua hawezi kutambua siku zilipogeuka. Ukiona bahari imetoka ghafula saa isiyo yake, usiokote samaki. Kimbilia mahali pa juu, ukiwaita wenzako. Wala usifanye haraka kurudi, kwa maana wimbi la pili laweza kulizidi la kwanza.

MASWALI
1. Kwa nini maji huchelewa kila siku?
2. Bamvua na maji mafu hutofautianaje?
3. Ni nini kilichowaokoa watu wa Simeulue?