Mwasumini na Saa ya Kuchuma

Nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, zimesongamana, lakini mwasumini hautaki shamba. Kopo la udongo penye jua lautosha. Mmea huu hutambaa, na asili yake ni nchi za Bara Hindi. Atakaye kuupanda asitafute mbegu, kwani ni nadra kuzaa. Akate kijiti na kukichomeka katika udongo wenye unyevu. Ukisha kushika, matawi makuukuu yakatwe, maana maua hutoka katika machipukizi mapya.

Lakini kazi yenyewe ni kuchuma. Ua hufunguka usiku, na harufu hutoka wakati huo; asubuhi huwa limeanza kunyauka. Basi vitumba huchumwa jioni, vingali vimefumba. Wanawake huvitunga katika uzi na kuvivaa katika nywele, au huvitia katika kikuba pamoja na rehani. Vingine hutawanywa juu ya kitanda cha bibi arusi. Muuzaji asiyepata mnunuzi kabla ya usiku hupata hasara, kwani asumini ya jana haina bei. Wachina nao hulaza maua haya pamoja na majani ya chai usiku kucha, hata chai ikashika harufu, kisha maua yenyewe huondolewa.