Mvinyo Mwekundu Nao Uingie Friji

Mdogo wangu, umeniuliza kwa nini ule mvinyo mwekundu wa Dodoma uliwachoma wageni koo kwenye send-off ya wifi yako, ilhali ulinunua chupa ya maana. Usimlaumu muuzaji, wala mkulima wa Hombolo. Chupa ilishinda mezani tangu asubuhi, tena Dar es Salaam, mwezi wa pili!

Tumekaririshwa kwamba mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Chumba cha nani? Kanuni hiyo ilitoka Ulaya, enzi nyumba hazijawekewa mitambo ya kupasha joto, na chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule yako ina 30. Kwenye joto hilo pombe hufuka kwanza, harufu ya zabibu ikafunikwa, mgeni akabaki na moto kooni.

Basi fanya hivi. Mwekundu uweke friji saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya kufungua. Ukiishika chupa, ikupoze kiganja, isikuume vidole. Ukizidisha ubaridi, ule ukakasi wa maganda ya zabibu utajitokeza na kukausha ulimi.

Mweupe unataka nyuzi 8 hadi 12. Ukilala friji, utoe dakika 10 kabla ya kumimina, maana baridi kali huficha harufu yake. Wenye mapovu usiupe nafasi hiyo: uache kwenye barafu mpaka glasi ziwe tayari.

Wageni wamebisha hodi na hukujiandaa? Chukua ndoo, tia barafu, maji na konzi ya chumvi, zamisha chupa mpaka shingoni. Maji huigusa chupa pande zote, ndiyo maana hupoza upesi kuliko barafu tupu. Mwekundu dakika 10, mweupe 20 na kidogo. Friza iache, ukisahau chupa humo, mvinyo ukiganda hutanuka na kusukuma kizibo, au chupa ikapasuka. Na barafu usiitie ndani ya glasi, itauzimua.

Mimina kidogo kidogo, theluthi ya glasi, chupa irudi ndooni. Na ukiwa huna uhakika, egemea upande wa ubaridi. Uliopoa sana utapata joto wenyewe mezani kwa dakika chache. Uliopata joto, kwa hali ya hewa yetu, haupoi ng'o.