Mzee anapoacha miwani

Daktari wa macho anajibu maswali ya wasomaji wa Miti, kwenye barabara ya Bukavu–Kavumu.

Daktari, nina miaka 45. Nikichambua maharagwe sioni vijiwe, lakini gari naliona tangu likiwa mbali. Ni ugonjwa?

Hapana, mama, ni umri. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Ukitazama kitu cha karibu, misuli ya ndani hujikaza, nayo lenzi hutuna. Mtoto wa miaka 10 huona vizuri hata kitu kilicho sentimita 7 au 8 kutoka jichoni. Ukivuka 40, lenzi imeshakuwa ngumu na haitaki tena kutuna. Miwani ya kusomea ya +1 au +1.5 inatosha kwa sasa. Ukikaribia 60 utahitaji kama +2.5.

Kwa nini inakuwa ngumu?

Kwa sababu haitupi chochote. Mgomba hutoa jani jipya katikati na kusukuma ya zamani nje. Lenzi hufanya kinyume. Tabaka jipya hukaa juu, la zamani hubanwa ndani, na kile kiini cha katikati ulizaliwa nacho. Haina hata mshipa mmoja wa damu. Protini zake huchakaa zikiwa mlemle, hushikamana, hugeuka za manjano. Ndiyo maana bibi hubisha kwamba kitenge cha bluu iliyokolea ni cheusi.

Baba ana miaka 70. Mwaka huu ameacha miwani, anasoma Biblia bila chochote. Nyumbani wanasema amepona.

Natamani ingekuwa hivyo. Mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza: kiini cha lenzi kimekuwa kizito, kinapinda mwanga zaidi kuliko zamani, basi vya karibu vinaonekana na vya mbali vinapotea. Muulize kama anawatambua watu upande wa pili wa barabara, na kama taa za pikipiki usiku zinamtawanyikia. Baadaye hata kusoma kutamshinda. Apimwe, na sukari pia.

Hakuna matone?

Hakuna tone linalosafisha lenzi. Tena yale yenye steroidi, ambayo watu hununua bila karatasi ya daktari, yakitumiwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho. Tiba ni upasuaji, kwa kawaida kwa ganzi ya jicho tu: lenzi chafu inatoka, ya plastiki inaingia. Daktari wa macho Harold Ridley alianza kuweka lenzi za plastiki London mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki ya ndege za vita vikikaa kwa utulivu machoni mwa marubani.

Baba asubiri mpaka mtoto wa jicho akomae?

Hilo lilikuwa shauri la zamani. Akikomaa mno, lenzi huwa ngumu kutoa, na huweza kuvimba ikapandisha presha ya jicho. Mshipa wa kuonea ukiharibiwa na presha hiyo, hakuna lenzi itakayourudisha.