Sukari, Presha na Milango ya Kalsiamu

Nyumbani kwetu Kabuga, bibi ana kisukari na presha. Ramadhani iliyopita aliacha dawa zote kwa siku nne, akiamini kwamba mfungaji hanywi dawa kabisa. Tuligundua alipolalamika kichwa. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si udaktari, nikawauliza wenzetu wa tiba: sukari na presha vinahusianaje?

Jibu limo katika ukuta wa mshipa. Ateri ndogo zimezungukwa na msuli laini, na seli za msuli huo zina milango midogo ya kalsiamu. Milango ikifunguka, kalsiamu huingia, msuli hukaza na njia ya damu huwa nyembamba. Ikifungwa, msuli hulegea.

Utafiti kwenye mishipa ya panya na ya binadamu umeonyesha kuwa sukari ikizidi katika damu, huamsha vimeng'enya vinavyofanya milango hiyo ifunguke kupita kiasi. Milango ya potasiamu, ambayo kazi yake ni kusaidia msuli ulegee, nayo hudhoofika. Mshipa hubaki umekaza, presha hupanda, na figo, macho na ubongo huumia taratibu. Mgonjwa anaweza asihisi chochote.

Dawa kama amlodipini huzuia milango ya kalsiamu ili mshipa ulegee. Haiondoi kisukari, na faida yake hupotea mtu akiiacha. Kwa kuwa hunywewa mara moja kwa siku, daktari anaweza kumpangia mfungaji ainywe baada ya kufuturu au wakati wa daku.

Tukirudi kwenye fiqhi, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa kutoa damu ya kipimo hakubatilishi saumu. Basi mzee asiogope kutobolewa kidole mchana.

Ndugu zangu, kuhifadhi nafsi ni katika makusudio matano ya sharia. Jumapili ya siku isiyo na magari hapa Kigali, sukari na presha hupimwa bure. Mpeleke mzazi wako kabla ya Ramadhani, kisha aende kwa daktari kupangiwa dawa. Bibi yetu sasa hunywa yake baada ya futari.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.