Serikali Mbili, Vyeti Viwili: Namna ya Kuvuka Mpaka Wakati wa Mlipuko

Mei 2020, pale Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, dereva wa lori aliweza kuwa mgonjwa asubuhi na mzima siku chache baadaye, kutegemea maabara iliyomwandikia. Upande wa Kenya aliambiwa ana virusi vya korona. Akarudishwa Tanzania, akapimwa upya, akaambiwa hana. Mkuu wa Mkoa wa Arusha wa wakati huo, Mrisho Gambo, alitangaza kwamba hayo yamewakuta madereva 19 wa Kitanzania, akaishutumu Kenya. Wakubwa wakawa wanarushiana maneno, na aliyebaki na swali gumu ni dereva mwenyewe: nirudi nyumbani nilale na watoto, au nijitenge?

Nawaandikia watu wa namna hiyo: madereva na utingo wao, mama anayevusha nyanya Holili, mwanafunzi anayesoma ng'ambo ya mpaka, mgonjwa mwenye miadi ya hospitali Nairobi au Dar es Salaam. Korona imepoa, lakini mipaka yetu haijapumzika. Mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya, Julai 2024, aligunduliwa mpakani Taveta akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Septemba mwaka huohuo Rwanda ikapata mlipuko wa homa ya Marburg, na Januari 2025 zikafuata Marburg mkoani Kagera na Ebola jijini Kampala.

Turudi kidogo nyuma, maana ugomvi wa 2020 haukuanzia kwenye geti. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza 13 Machi, Tanzania 16 Machi, na haukupita mwezi nchi hizo zikawa zimeshika njia mbili. Kenya iliweka kafyu, ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi na kaunti za Pwani. Tanzania ilifunga shule, ila masoko, makanisa na misikiti viliendelea. Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vyenyewe: 3 Mei alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zimerudi na majibu ya kuwa na virusi. Takwimu za Tanzania zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana kwa video 12 Mei, Tanzania na Burundi hazikuwapo. Siku nne baadaye Rais Uhuru Kenyatta akafunga mpaka wa Tanzania na ule wa Somalia kwa watu, akaacha mizigo ipite kwa sharti kwamba dereva apimwe na asiwe na virusi. Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Tanzania, akajibu kwa kuyazuia malori ya Kenya. Marais wakapigiana simu, na 22 Mei mawaziri wa uchukuzi wakakaa Namanga na kukubaliana kwamba dereva apimwe nchini kwake na cheti chake kidumu siku 14.

Siku 14 hizo zinastahili kutazamwa kwa makini. Kipimo cha korona kinaeleza hali ya pua na koo lako saa ile sampuli ilipochukuliwa, basi. Dereva aliyepimwa Jumatatu akakutwa salama anaweza kuambukizwa Jumanne kwenye mgahawa wa mama ntilie, akavuka Ijumaa na cheti safi mkononi, akavuka tena wiki inayofuata. Cheti kile kilikuwa mapatano ya kuyaondoa malori barabarani, na kwa kazi hiyo kilisaidia. Kukichukulia kama kinga ya mwili ni kosa. Anayesafiri na cheti halali bado anahitaji barakoa, dirisha la kebini lililofunguliwa, na kulala peke yake anapohisi homa.

Kwa sababu hiyohiyo, maabara mbili zinaweza kupishana bila yeyote kudanganya. Mtu huanza kutoa virusi, virusi hivyo hufika kilele, kisha hupungua. Sampuli iliyochukuliwa kwa haraka, kijiti kikaishia mlangoni mwa pua, inaweza isione kitu. Kipimo cha vinasaba nacho huweza kuokota mabaki ya virusi kwa mtu aliyekwisha kupona. Kwa hiyo ukipewa majibu mawili yanayogongana, usichague la upande wa bendera yako. Uliza sampuli ya kila jibu ilichukuliwa lini na kwa kipimo cha aina gani, omba majibu kwa maandishi, na mpaka upimwe mara ya tatu jihesabu kuwa unaweza kuambukiza. Mwambie na utingo wako. Yeye ndiye aliyevuta pumzi moja na wewe kwa siku tatu.

Sasa, amri ipi ikufunge wakati kila upande unasema lake? Kanuni ya kwanza ni kwamba masharti ya kuingia huwekwa na nchi unayoingia. Serikali yako ikitangaza kwamba ugonjwa umekwisha, tangazo hilo halimlazimishi ofisa wa jirani. Namanga, Holili, Horohoro na Mutukula kuna vituo vya pamoja, ambapo ofisa wa nchi unayotoka na wa nchi unayoingia wanakaa jengo moja, na jengo hilo liko upande unaoingia. Maana yake ni kwamba ukikosa sharti moja, utakuwa umekwisha kuvuka kwa miguu ndipo urudishwe. Hakiki karatasi zako kabla ya kulifikia jengo.

Kanuni ya pili ni kutofautisha sauti. Kuna kauli ya kiongozi jukwaani, kuna waraka au kanuni iliyochapishwa, na kuna ushauri wa wataalamu wa afya. Kwa kawaida ulio na nguvu ni waraka. Lakini 2020 imetufundisha kwamba hata kauli ya mdomo ya mkuu wa mkoa husimamisha malori, na foleni haisomi Gazeti la Serikali. Ndiyo maana mimi huthamini sana simu ya asubuhi: mpigie wakala wa forodha aliyeko mpakani, au dereva aliyevuka jana, muulize wanadai nini leo. Kisha tafuta waraka wenye tarehe na sahihi kwenye tovuti ya wizara ya afya, uuhifadhi kwenye simu. Picha ya tangazo inayozunguka WhatsApp bila tarehe usiifungie safari.

Cheti chenyewe kisome kabla ya kuondoka maabara. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mohamed wa cheti na Muhammad wa pasipoti wamekwisha kulaza watu mpakani. Angalia namba ya pasipoti, jina la maabara, mhuri, na zaidi ya yote saa na tarehe ya kuchukuliwa sampuli. Ukiambiwa cheti kisizidi saa 72 au 96, mara nyingi hesabu huanzia sampuli ilipochukuliwa. Majibu yakichelewa siku mbili, siku hizo zimetoka kwenye muda wako. Beba karatasi halisi na picha yake.

Mfanyabiashara mdogo ndiye aliyeumia kuliko wote, naye hakutajwa sana kwenye hotuba. Amri ya Kenya ilisema mizigo ipite na watu wasipite. Kwa kampuni yenye malori amri hiyo inatekelezeka. Mama mwenye tenga la nyanya kichwani ni mtu na ni mzigo kwa wakati mmoja, apite vipi? Wengi walikimbilia njia za panya. Nawaelewa, lakini siwashauri: ukikamatwa unapoteza mzigo na mtaji, na ukiugua hakuna anayejua ulipita wapi wala ulikaa na nani. Njia iliyo salama zaidi ni kuungana watu watano au kumi, kukodi gari moja lenye dereva aliyepimwa, kupokelewa mzigo na mteja unayemfahamu upande wa pili, na kulipwa kwa simu. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zimekuwa zikitumiana fedha tangu 2015. Faida itapungua, ila mtaji utabaki.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, kumbukeni Agosti 2020. Kenya ilipofungua anga tarehe 1, Tanzania haikuwamo kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wanaruhusiwa. Tanzania ikajibu kwa kufuta kibali cha Kenya Airways kuanzia siku hiyohiyo, na baadaye mwezi huo ikaongeza mashirika matatu madogo ya Kenya. Marufuku hiyo iliondolewa katikati ya Septemba, baada ya Kenya kuiingiza Tanzania kwenye orodha. Serikali zikianza kulipizana, abiria hapewi wiki ya kujiandaa. Mwenye matibabu ng'ambo aende siku kadhaa kabla ya miadi, na mwenye dawa za kila siku, za presha, kisukari au VVU, abebe za mwezi mzima zaidi, na nakala ya cheti cha daktari.

Unazo haki pia, na ni wachache wanaozijua. Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005, ambazo nchi zetu zote zimejifunga nazo, zinasema msafiri wa kawaida asitozwe fedha kwa uchunguzi ambao nchi inauhitaji ili kujua afya yake, wala kwa kuwekwa karantini. Aliyewekwa karantini apewe chakula, maji, malazi, matibabu na njia ya kuwasiliana na watu wake. Wakati wa korona wengi walilipishwa. Usigombane na ofisa mwenye foleni ya watu mia. Dai risiti, andika tarehe na jina la kituo, kisha upeleke malalamiko ubalozini au kwenye chama chenu cha wasafirishaji. Na kama ni uamuzi wa nchi unaovunja Mkataba wa Jumuiya, mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuupeleka Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mradi asivuke miezi miwili.

Neno kuhusu takwimu. Kila mlipuko watu hulinganisha: jirani ana wagonjwa wengi, sisi wachache, basi hatari iko kwake. Mei 2020 Uganda iliamua kuwaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake, na idadi ikashuka bila mgonjwa hata mmoja kupona. Tanzania iliacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka. Nchi inayopima sana huonekana mgonjwa kuliko isiyopima. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema linashuku Marburg Kagera. Wizara ya Afya ya Tanzania ikasema sampuli hazikuonyesha ugonjwa huo. 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkuu wa shirika hilo jijini Dodoma, akathibitisha mgonjwa mmoja. Kati ya taarifa ya kwanza na ya mwisho zilipita siku sita hivi. Aliyekuwa na ndugu mwenye homa Biharamulo hakuwa na nafasi ya kungoja ijulikane nani ni mkweli. Kwake zilizofaa ni hatua zilezile kwa majibu yoyote: asiguse damu wala matapishi kwa mikono mitupu, asioshe maiti nyumbani, amwahishe mgonjwa kituo cha afya, na apige simu ya bure, 199 kwa Tanzania au 719 kwa Kenya, kabla ya kumpandisha kwenye bodaboda.