Wakala wa kompyuta akipotea njia, mwenye mzigo ndiye alipaye mafuta

Mfanyabiashara wa nafaka wa Tandale, Dar es Salaam, akitaka mchele wa Kilombero humpigia simu dalali wake aliyeko Ifakara au Kiberege. Siku hizi iko njia ya pili. Programu za akili mnemba ziitwazo mawakala (wasichanganywe na mawakala wa pesa za simu) hupewa kazi kwa maneno ya kawaida: "Nitafutie mashine za kukoboa mpunga karibu na Kiberege." Wakala hutafuta kwenye ramani, hupanga orodha na hata kupendekeza safari ya lori.

Wakala huyo hutumia zana ya kutafuta mahali, kama ile ya Google au zile zinazotegemea OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuchorwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa utaratibu wa wazi wa kuunganisha mawakala na zana, uitwao Model Context Protocol. Katika utaratibu huo zana hujitambulisha kwa jina, maelezo ya kazi yake na orodha ya taarifa inazohitaji. Jambo lisiloandikwa humo, wakala hulikisia. Hasara huanzia hapo.

JINA MOJA, MAHALI PENGI

Kilombero ni mto, ni bonde, ni wilaya. Lakini Soko la Kilombero liko Arusha mjini. Kibaoni ipo Ifakara, na ipo nyingine mkoani Katavi. Wakala asiyeelekezwa huchukua jibu la kwanza.

Zana ya Google hutenganisha mambo mawili ambayo mwongozo hauna budi kuyaeleza: kupendelea eneo na kufungia utafutaji ndani ya eneo. Ukipendelea Ifakara tu, jibu la Arusha bado laweza kuja. Ukifungia, haliji. Mwongozo mzuri huagiza pia kwamba mkoa na wilaya vitajwe, na majibu yakiwa zaidi ya moja, wakala amwulize mwenye kazi kwanza.

ALAMA NDOGO, SAFARI NDEFU

Ifakara iko karibu na latitudo 8 Kusini na longitudo 36.7 Mashariki. Kwenye kompyuta Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -8. Alama hiyo ikisahauliwa, wakala anatafuta mpunga Ethiopia, kwenye eneo la Jimma. Namba mbili hizo zikipinduliwa, anaangukia baharini kusini mwa Ureno. Zana nyingine hutanguliza latitudo, nyingine longitudo. Mwongozo useme ipi inatangulia, na utoe mfano mmoja wa mahali halisi.

Vivyo hivyo vipimo. Utafutaji wa jirani wa Google hupima umbali kwa mita, na kikomo chake ni mita 50,000. Wakala akiandika 20 akidhani ni kilomita, anatafuta ndani ya mita 20, yaani uani kwa mtu. Tena utafutaji mmoja wa aina hiyo hurudisha majibu 20 kwa wingi. Orodha ya 20 haina maana kwamba mashine ni 20 tu.

DUARA HALIJUI MLIMA

Utafutaji huo huchora duara, nalo halijui barabara. Duara la kilomita 50 kutoka Kiberege linavuka Milima ya Udzungwa na kuingia Wilaya ya Kilolo, Iringa. Kwenye ramani ni jirani. Kwa lori, milima hiyo ni kizuizi. Upande wa Ifakara upo Mto Kilombero, ambao kabla ya Daraja la Magufuli la mita 384 kufunguliwa mwaka 2018 ulivukwa kwa pantoni. Hata sasa mto huvukwa darajani, si popote. Hivyo mwongozo uonye kwamba umbali wa duara si umbali wa safari, na uelekeze zana ipi ya njia itumike kabla ya kukadiria nauli.

"HAKUNA" ZIKO AINA MBILI

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni hili. Chukua mfano wa mwekezaji mdogo mwenye mkopo mkononi anayeuliza kama Kiberege kuna mashine ya kukoboa. Zana inarudisha orodha tupu. Wakala anajibu, "Hakuna." Mwekezaji ananunua mashine, anaifunga, kisha anagundua kwamba jirani zake wanakoboa miaka mingi, ila hakuna aliyewahi kuwaweka kwenye ramani.

Orodha tupu maana yake ni kwamba ramani haina habari, si kwamba kijiji hakina mashine. Huenda pia neno lililotumika lilikuwa la Kiingereza ilhali kibao kimeandikwa Kiswahili, au mtandao ulikatika na zana haikutafuta kabisa. Mwongozo utenganishe hali hizo na kuagiza wakala aseme, "Ramani haionyeshi, uliza mtu aliye huko."

KABLA YA KULIPIA

Anayeuziwa huduma ya namna hii na amwombe muuzaji mwongozo wa zana, kisha atazame kama unajibu maswali haya:

1. Majina yanayofanana huamuliwaje?
2. Latitudo na longitudo, ipi hutangulia, na mfano uko wapi?
3. Umbali ni mita au kilomita, na kikomo ni kipi?
4. Majibu ni mangapi kwa wingi, na mengine hupatikanaje?
5. Orodha tupu hutofautishwaje na hitilafu?
6. Taarifa za mahali zilihakikiwa lini, na biashara iliyofungwa huonyeshwaje?

Kisha aijaribu kwa mahali anapopajua mwenyewe. Mtu wa Kiberege atafute mashine ya mtaani kwake. Zana ikishindwa hapo bila kukiri, isiaminiwe kupeleka lori Mlimba. Na hata ikifaulu, simu moja kwa dalali kabla ya kujaza dizeli ni bei nafuu kuliko lori kurudi tupu.